Mfupa wa Sikukuu

Pwani ya kusini sikukuu huwafikia wanyama wa nyumbani kwa milango tofauti. Msambweni, Gazi na vijiji vya jirani, Idd ya kuchinja huleta damu, matumbo na mifupa hadi uani. Diani, tangu wiki ya Krismasi hadi usiku wa kuamkia mwaka mpya, huja wageni, muziki, mishikaki na fataki za saa sita usiku. Katikati ya shamrashamra hizo yupo paka aliyezoea kulala jikoni na mbwa aliyezoea kulala langoni, na kwa siku chache kila walichokizoea kinapinduka.

Naamini mnyama wa nyumbani huumia zaidi siku ambayo mwenyewe ana furaha kuliko siku ambayo ana hasira. Mwenye hasira hurusha jiwe, na mara nyingi hukosa. Mwenye furaha hupakua sahani nzima ya biriani, huacha lango wazi kwa wageni, huwasha baruti, kisha hulala akijua ametenda wema. Kumkanya mtu huyo ni kazi ngumu, kwa kuwa nia yake ni njema na mikono yake imejaa chakula.

Nimeupanga mjadala huu kwa sauti tano. Si watu halisi. Ni hoja zinazosemwa Ukunda, kwenye vituo vya matatu na mabarazani, nikazipa vinywa ili zijibizane. Mama ni mpishi wa Msambweni, mjane wa mvuvi. Daktari anatibu mifugo. Mwalimu anafundisha madrasa. Mlinzi kwao ni Kinango, analinda nyumba ya bosi Diani. Msimamizi anaendesha hoteli ndogo ufukweni. Nami nitaingilia ninapoona pana haja, wala sitajifanya sina upande.

MAMA: Nianze mimi, maana naona mshtakiwa wa kwanza ni mpishi. Siku ya Idd sahani haimpiti jirani, na kwangu paka ni jirani anayelala ndani. Nikipakua pilau, nao wana sinia lao pembeni. Sasa nasikia, daktari, unapita mitaani ukisema pilau ni sumu.

DAKTARI: Shikamoo, Mama.

MAMA: Marahaba, mwanangu. Haya, jitetee.

DAKTARI: Pilau yako naila kila nikialikwa, na nitaendelea kuila. Shida ya paka ni kile kinachoipa pilau rangi. Unakaanga vitunguu mpaka vigeuke kahawia, unatwanga saumu, unatia. Kitunguu maji na kitunguu saumu vina kemikali za salfa zinazoharibu chembe nyekundu za damu ya mbwa na paka, na paka ndiye dhaifu zaidi. Kupika hakuziondoi. Na ubaya wake hauonekani usiku uleule. Huja baada ya siku kadhaa: ufizi unapauka, mkojo unakuwa mwekundu au wa rangi ya kahawia, mnyama anahema akiwa amelala tu. Kufikia hapo sinia limeshaoshwa, na mwenyewe anadhani paka kala panya aliyetegewa sumu.

MAMA: Mama yangu alifuga paka, na bibi yangu kabla yake. Wote wamekula mchuzi wetu. Walikufa kwa uzee.

DAKTARI: Walikula tone la mchuzi wa samaki juu ya ugali, leo wapo, kesho hawapo, kutwa wanawinda. Sikukuu inabadilisha kipimo. Nyumba saba zinakuletea sahani, nawe unapeleka saba. Rosti ya biriani ni vitunguu vilivyoyeyuka. Mabaki yote hayo yanamshukia mnyama mmoja mwenye uzito wa kilo tatu. Ukiongeza na zabibu ambazo wengine humwagia juu, kwa mbwa umefungua mlango mwingine: zabibu, mbichi au kavu, zinaweza kuua figo zake, na hakuna kiasi kinachojulikana kuwa salama kwa kila mbwa.

MAMA: Basi nimtazame anavyonitazama?

DAKTARI: Mtengee kabla hujaanza kukaanga. Nyama kidogo iliyochemshwa, isiyo na chumvi wala kitunguu.

MAMA: Ndio maana watu hawawasikizi. Nyumba ina watu tisa na nyama kilo mbili, nami nitenge ya paka kabla ya wajukuu? Hiyo ni dawa ya watu wanaonunua chakula cha paka dukani kwa mfuko.

Hapa Mama ana haki, na Daktari anapaswa kulisikia hilo. Ushauri mwingi kuhusu wanyama wa nyumbani unaandikwa kwa ajili ya jiko lenye friji mbili. Ukiletwa Msambweni jinsi ulivyo, unawafanya watu wema waonekane wakatili, na mtu aliyeitwa mkatili mbele ya wageni wake hasikilizi neno la pili.

DAKTARI: Nimekusikia, Mama. Basi tuache nyama. Toa wali mweupe kijiko kimoja kabla ya kuutia tui. Chukua dagaa wachache, waroweke chumvi itoke, wachemshe, changanya. Hiyo ni sikukuu tosha kwa paka, na haijamgusa mjukuu.

MAMA: Dagaa ninao. Hilo naliweza.

DAKTARI: Na mifupa?

MAMA: Mifupa ya kuku simpi mtu. Ikishapikwa inapasuka kama vijiti.

DAKTARI: Umeona? Hayo sikukufundisha mimi. Mfupa uliopikwa, wa kuku au wa mbuzi, hukatika vipande vyenye ncha, ukakwama kooni au ukatoboa utumbo.

MAMA: Tunajua mengi, mwanangu, mkituuliza. Mume wangu, Mungu amrehemu, akimtoa samaki bunju wavuni hakumwacha mchangani. Alimfukia. Mbwa akimla anakufa, na paka vilevile.

DAKTARI: Ndiyo elimu yenyewe. Sumu ya bunju imo kwenye ini, mayai na ngozi, na moto wa jiko hauiui. Mvuvi anayemfukia bunju amefanya kazi yangu kabla sijafika. Ninachoomba ni kwamba kitunguu kiwekwe kwenye daftari lilelile la bunju.

MWALIMU: Niruhusuni niongeze jambo, kwa sababu Mama kataja paka kuwa jirani. Katika hadithi, Mtume aliwahesabu paka miongoni mwa wanaotuzungukazunguka majumbani, na kwa hiyo hawatii najisi. Na ipo habari ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia: hakumlisha, wala hakumwachia akajitafutia. Watu huisoma hadithi hiyo kama habari ya njaa tu. Mimi naisoma kama habari ya mnyama aliyenyang'anywa uwezo wa kujichagulia. Ukishamweka ndani, kila kinachoingia kinywani mwake ni hesabu yako.

MLINZI: Na mbwa je, Mwalimu? Maana kila sikukuu paka ana hadithi, mbwa ana jiwe.

MWALIMU: Swali zuri, na nitalijibu bila kulikwepa. Sisi wa pwani ni wa madhehebu ya Shafii. Mate ya mbwa kwetu ni najisi, na chombo alichokilamba huoshwa mara saba, mara moja kwa udongo. Hukumu hiyo inahusu usafi wangu na sala yangu. Watu wameichukua hukumu ya sahani wakaifanya ruhusa ya kumpiga mbwa, na ruhusa hiyo haimo. Mbwa wa kulinda na wa mifugo ameruhusiwa. Tena ipo habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza maji kiatu chake, akapanda nacho kwa meno ili ampe mbwa aliyekuwa akilamba udongo kwa kiu, naye akasamehewa. Kisima na kiatu! Sisi tunashindwa kumsogezea ndoo.

MLINZI: Nitawaambia watoto wa madrasa ya langoni kwetu.

MWALIMU: Waambie wazazi wao, maana jiwe watoto wamelionea kwao. Na siku ya kuchinja, adabu ile ile imfikie mbuzi: kisu kinolewe asikione, wala asichinjwe mbele ya mwenzake.

DAKTARI: Afadhali umeifikisha habari kwenye machinjo, Mwalimu, kwa kuwa hapo ndipo ukarimu kwa mbwa unapogeuka hatari kwa watu. Siku ya Idd mbuzi huchinjwa nyumba hadi nyumba. Anayepasua anakuta kwenye ini au pafu vifuko vyeupe vyenye maji. Anavikata, anavitupa. Nani anavipokea?

MLINZI: Mbwa. Nani mwingine?

DAKTARI: Mle mna watoto wa tegu mdogo, hata urefu wa punje ya mchele hafiki vizuri. Mbwa akila vifuko hivyo vibichi, tegu wanakomaa tumboni mwake, mayai yanatoka na kinyesi, yanakaa kwenye manyoya, udongo, mboga, maji. Mtoto anamshika mbwa, analamba kidole. Kwa mtoto hakionekani kitu mwaka huo. Uvimbe wa maji unakua polepole kwenye ini au pafu, miaka mingi, mpaka upasuaji. Turkana ugonjwa huu ulienea kwa kiasi kilichojulikana duniani kote, na katika miaka ya 1980 shirika la AMREF liliendesha huko kazi ya kuudhibiti kwa kuwatibu mbwa na kuwaelimisha wafugaji. Sisemi Kwale iko kama Turkana. Nasema njia ya ugonjwa ni ileile: kisu, ini, mbwa, mtoto.

MAMA: Kwa hiyo tumnyime hata matumbo?

DAKTARI: Kilicho na vifuko kichomwe, au kifukiwe shimo refu ambalo mbwa hafukui. Kingine kichemshwe kwa nusu saa ndipo apewe. Na mbwa apate dawa ya tegu, prazikwanteli, wala si ile ya minyoo ya kawaida peke yake. Waulizeni wenye duka la agroveti kwa jina hilo.

Nataka msomaji ashike jambo moja hapa kabla hatujaenda Diani. Mara nyingi tunajadili wanyama kana kwamba kuwatunza ni hisani ya ziada, kitu cha kufanya baada ya watu kushiba. Ini lile lililotupwa uani linaonyesha kwamba mbwa wa jirani na mtoto wangu wanakula kwenye mnyororo mmoja. Mwenye kulifukia katika shimo refu siku ya Idd amewalinda wote wawili kwa jembe moja.

Ya ufukweni nayataja haraka, kwa sababu hayana ubishi. Kijiti cha mishikaki kina harufu ya nyama, na mbwa hukimeza kizima. Gunzi la mahindi ya kuchoma halisagiki tumboni, linaziba utumbo. Kokwa la embe vilevile, na Desemba ni msimu wa maembe. Chokoleti ina kemikali ambayo mwili wa mbwa huichelewesha kuitoa; nyeusi ndiyo mbaya zaidi. Bazoka na peremende zisizo na sukari mara nyingine hutiwa kiongeza utamu kiitwacho ksilitoli, ambacho hushusha sukari ya damu ya mbwa ghafla. Nao wageni wanaowarushia mkate tumbili na kima hotelini wajue kwamba wanawafundisha kunyang'anya, na siku mgeni mwingine atakapong'atwa, lawama itamwendea mnyama. Shirika la Colobus Conservation liko Diani tangu 1997, limefunga ngazi za kamba juu ya barabara ili mbega wavuke bila kugongwa. Kazi yote hiyo inaweza kuharibiwa na sahani moja ya chipsi.

MLINZI: Sasa nisikizeni na mimi, maana hapa wote mnazungumza habari ya kulisha. Mnyama wangu ana chakula tele. Bosi ameacha gunia zima. Bosi mwenyewe ameondoka, nyumba imekodishwa kwa wageni wa sikukuu, na wageni wanaogopa mbwa. Wanasema wafunge. Nawafunga. Siku ya kwanza, ya pili, ya kumi. Mnyororo wa hatua nne, nyuma ya banda la jenereta. Ni wakati wa kaskazi, jua linahama, kivuli kinahama, mbwa hahami. Anazungusha mnyororo kwenye mti mpaka umebaki shubiri, anaangusha bakuli la maji. Nikiwa langoni simwoni.

DAKTARI: Mbwa hatoki jasho kama sisi. Anajipoza kwa kuhema ulimi nje, na bila maji na kivuli kuhema hakumsaidii. Joto linaweza kumuua mchana mmoja.

MSIMAMIZI: Lakini mgeni amelipa, kaka. Ana watoto. Ana haki ya kutembea uani bila hofu.

MLINZI: Anayo. Mimi pia nina haki ya kuambiwa mapema ni nani anayeamua. Bosi akipigiwa simu anasema fanya watakavyo wageni. Wageni wanasema mbwa si wao. Nikimfungua akamng'ata mtoto, anayefukuzwa kazi ni nani?

Hapo Mlinzi ameligusa jambo ambalo Diani yote inalijua na hailisemi kwa sauti. Mnyama mwenye mabwana wawili, mmoja yuko ng'ambo na mwingine amekodi kwa wiki mbili, kwa kweli hana bwana. Mzigo wake unamwangukia mtu anayepokea mshahara mdogo kuliko wote nyumbani pale. Na kuna mbwa wengine ambao wakaaji wa msimu wanawachukua wakiwa watoto, wanawapa jina, wanapiga nao picha mchangani, kisha msimu ukiisha wanaondoka. Yule mbwa aliyefundishwa kumkimbilia kila mtu ufukweni ataitwa mbwa koko kabla ya masika. Hili linaniudhi kuliko pilau ya Mama mara mia. Mama alitoa alichokuwa nacho. Huyu wa msimu alichukua furaha akaacha deni.

Sheria ya kuzuia ukatili kwa wanyama, Sura ya 360 ya Sheria za Kenya, haimtazami mwenye kupiga peke yake. Mwenye mnyama anayemnyima chakula, au anayemtelekeza bila sababu ya maana, naye anahesabiwa. Anayekodisha nyumba yenye mbwa angeweza kuandika mistari mitatu kwenye mkataba wa kukodi: mbwa atakaa wapi, nani atamfungua alfajiri na jioni, nani atalipa daktari. Mistari hiyo haigharimu kitu, na ingempa Mlinzi karatasi ya kushika mkononi.

MLINZI: Ningeibandika langoni. Na jambo la kung'atwa, Daktari, tulimalize. Sikukuu iliyopita kila nyumba ilikuwa na watoto wa Nairobi na Mombasa. Hawamjui mbwa, mbwa hawajui wao. Ana mfupa, wanamvuta mkia.

DAKTARI: Mbwa anayekula asiguswe, hata na anayempenda. Mtoto afundishwe hilo kabla ya kushushwa kwenye gari. Duniani, katika watu wanaong'atwa na wanyama wanaodhaniwa kuwa na kichaa cha mbwa, kama asilimia 40 ni watoto wa chini ya miaka 15. Kichaa cha mbwa kinaua watu wanaokadiriwa kufika 59,000 kila mwaka, na dalili zikishaonekana karibu hakuna anayepona. Akishang'atwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 kamili. Sio kufunga kitambaa, sio kupaka mafuta ya taa. Kisha hospitali siku hiyohiyo, Msambweni au popote palipo karibu, aanze sindano na azimalize zote.

MAMA: Hata ikiwa kidogo? Mkwaruzo tu?

DAKTARI: Hata mkwaruzo, Mama. Na mbwa achanjwe tangu miezi mitatu, arudiwe kila mwaka. Wakichanjwa mbwa 70 katika kila 100, ugonjwa unakosa njia ya kupita. Kenya ilijiwekea mpango wa kuumaliza kati ya 2014 na 2030. Huo mwaka umeshafika mlangoni, nasi bado tunasubiri mbwa aletwe na mwenyewe.

MLINZI: Nitamleta vipi? Boda boda hampakii.

DAKTARI: Ndiyo sababu chanjo inapaswa kumfuata mbwa kijijini, kabla ya msimu. Mbwa wa Kinango, wa Lunga Lunga na wa Diani hawajui mipaka ya wadi.

MSIMAMIZI: Naona zamu yangu imewadia, na najua mnachonisubiria. Fataki. Niseme wazi: Desemba ndiyo inayolipa mishahara ya Mei. Masika yakianza ufukwe unakuwa mtupu, hoteli nyingine zinafunga, wapishi wanarudi vijijini. Mgeni anachagua Diani au Zanzibar kwa usiku ule mmoja. Nikimwambia hakuna fataki, anaenda kwa jirani yangu. Fataki zinaungua robo saa. Kweli mbwa hawezi kuvumilia robo saa kwa mwaka?

MLINZI: Robo saa yako, bosi. Kwa jirani robo saa nyingine, na vijana wa ufukweni wanaanza tangu magharibi. Mpaka saa nane usiku bado kuna mmoja amebakiza.

DAKTARI: Na anachosikia si unachosikia wewe. Sikio la binadamu linafika mitetemo 20,000 kwa sekunde. La mbwa linakwenda hadi kama 45,000, la paka 64,000. Wewe umeziona kwenye ratiba, umeshika glasi. Yeye hajui zimetoka wapi wala zitaisha lini. Mbwa huvunja mnyororo, huruka ukuta, hukimbia barabarani gizani. Asubuhi ya mwaka mpya wengine hawajulikani waliko.

MSIMAMIZI: Si apewe dawa ya usingizi?

DAKTARI: Dawa ya kutuliza ipo, ila anayeipima ni daktari, siku kadhaa kabla, kwa uzito wa mnyama. Dawa za watu mziache kabatini. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinatosha kumuua paka, na watu wanampa kwa huruma.

MAMA: Yarabi! Mimi ningempa.

DAKTARI: Usimpe kabisa, Mama. Usiku wa fataki mlishe mapema, jua kabla halijazama. Mtoe mbwa akajisaidie kukiwa bado mwanga. Mwingize chumba cha ndani, funga madirisha, pazia chini, washa redio, taarabu au chochote kizito cha sauti, ili mlipuko usije peke yake. Paka mwachie kabati wazi au chini ya kitanda, usimvute atoke. Mbwa awe na ukanda shingoni wenye nambari ya simu. Akitetemeka kaa naye, umguse ukipenda. Huwezi kumwongezea hofu kwa kumfariji. Akikojoa ndani usimpige.

MLINZI: Chumba cha ndani ni cha wageni. Mimi nina kibanda cha langoni, hatua tatu kwa tatu.

DAKTARI: Basi kibanda chako. Kuta nne na wewe ndani.

MLINZI: Na lango alinde nani?

Hakuna aliyemjibu, na mimi pia sina jibu analoweza kulitumia usiku ule. Jibu linapaswa kutolewa mchana, na wenye mamlaka. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezipa kaunti kazi ya ustawi wa wanyama na leseni za mbwa, na katika orodha hiyohiyo zimepewa kazi ya kudhibiti kelele. Kanuni za kelele za 2009 zinataja fataki miongoni mwa shughuli zinazohitaji kibali. Kwa hiyo Kwale ina funguo zote mbili kwenye kishada kimoja. Inaweza kuamua kwamba fataki za Diani zipigwe mahali pamoja au pawili, saa moja inayojulikana, na baada ya hapo basi. Mji wa Collecchio huko Italia uliamua 2015 kwamba fataki ziwe za mlio mdogo. Wenye hoteli wakichanga pamoja, gharama ya kila mmoja inashuka, na hakuna atakayemkimbizia mgeni jirani yake.

MSIMAMIZI: Kuchanga nakubali. Saa moja inayojulikana nakubali. Mlio mdogo, nionyesheni anayeuza Mombasa na bei yake, ndipo niseme. Sitaahidi nisichokijua.

DAKTARI: Hiyo inatosha kuanzia.

MLINZI: Haitoshi. Mkishakubaliana saa, nani ataniambia? Barua zenu zinapita kwenye simu za mabosi. Mimi nina simu ya vitufe, na wenzangu kumi barabara ile ni hivyohivyo.

MWALIMU: Kipaza sauti cha msikiti hutangaza mazishi, na hutangaza mtoto akipotea. Saa ya fataki kitaitangaza pia, Ijumaa ya kabla yake na jioni yenyewe baada ya magharibi. Makanisa ya Ukunda nayo yasome tangazo lilelile Jumapili.

MAMA: Na mimi wa Msambweni? Huku fataki hazifiki, machinjo ndiyo yanafika.

MWALIMU: Kwako tangazo litakuwa la Idd, Bibi. Shimo refu, maini yasiyo salama yachomwe, na siku ya chanjo ya mbwa.

MAMA: Ongeza na kitunguu.

MWALIMU: Nitaongeza na kitunguu. Msimamizi, karatasi yenye saa na mahali naitaka mkononi kabla ya tarehe 20 Desemba.

MSIMAMIZI: Utaipata tarehe 15. Na mlinzi wangu usiku huo nitamwekea mwenzake langoni, akae ndani na mbwa.

MLINZI: Mimi si mlinzi wako, bosi.

MSIMAMIZI: Najua. Nitampigia simu bosi wako leo.